Kanga ya nyumba ishirini na nne: mwongozo kamili wa sanaa shirikishi kwa watu waliotenganishwa na janga

Aprili 2020, Kenya ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, ukoo wetu ulijikuta umekatika vipande. Wengine Mombasa, wengine Nairobi, wengine Unguja, shangazi yuko Muscat ambako nako kulifungwa mwezi huohuo, na binamu wawili wako Toronto. Simu zilikuwepo. Kila jioni tulipigiana, na kila jioni maneno yaliisha kabla ya bando. "Mko salama?" "Tuko salama, alhamdulillahi." Kisha kimya.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kilichopungua. Watu wa nyumba moja hawakai wakiulizana hali mchana kutwa. Hukaa wakichambua mchele, na mazungumzo huja yenyewe juu ya ungo. Sisi tulikuwa na simu bila ungo. Tulihitaji kazi ya mikono ambayo kila mmoja ataifanya kwake, na ambayo haikamiliki mpaka wote waimalize. Ndipo tukaanza kanga. Tangu hapo nimeirudia na kundi jingine, na hapa naandika namna ya kuifanya hatua kwa hatua, kwa sababu maradhi ya mlipuko hayakuishia kwenye korona.

Kwa nini kanga

Kanga ina sehemu tatu ambazo mtu wa pwani anazijua tangu alipobebwa nayo mgongoni: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Pindo hujirudiarudia, kwa hiyo hata mkono usiozoea kuchora unaweza kulishika. Mji ni uwanja wa mtu kujidai. Jina ni la kusemwa, kwa wale wasiotaka kuchora kabisa. Ukiwaambia watu "tutengeneze kolaji ya kidijitali," utatumia siku tatu kueleza. Ukisema "tushone kanga moja," swali la kwanza litakuwa, "Jina lake nini?"

Na kutunga pamoja kwa umbali si jambo lililoletwa na intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela kati ya Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi na bahari iko kati yao. Wazee wetu wakaja kutuma kadi za salamu redioni, mtu akasubiri siku nyingi kusikia jina lake likisomwa pamoja na orodha ya aliowasalimu. Tunaurithi mchezo huo, hatuuanzishi.

Chora ramani kabla hujamwita mtu

Kanga ya dukani huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban 110. Yetu tuliikuza kidogo, 160 kwa 120, ili igawike kwa miraba ya sentimita 20. Chukua karatasi, chora safu wima 8 uzipe herufi A hadi H, na safu mlalo 6 uzipe namba 1 hadi 6. Unapata miraba 48. Inayozunguka ukingoni ni 24, hilo ndilo pindo. Iliyobaki ndani nayo ni 24, huo ndio mji. Ndani ya mji, safu mlalo ya 5 kuanzia B hadi G ni miraba 6 ya jina, maana jina hukaa chini ya mji, juu ya pindo la chini.

Hesabu hiyo niliitafuta kwa makusudi. Nyumba 24, kila nyumba miraba miwili: mmoja wa pindo wenye masharti, mmoja wa mji au wa jina. Asiyejiamini huanza na pindo, mkono ukishalegea anaingia mjini. Kama mko nyumba 12, kila nyumba itoe minne.

Sentimita 20 nazo zina sababu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo mraba unatoka kwenye karatasi ya kawaida ya stesheni, na mtoto anaweza kuukata kwa rula na mkasi. Usikubali "karibu 20." Mwaka 1987 huko Marekani, watu waliofiwa na wapenzi wao kwa UKIMWI walianza kushona blanketi la kumbukumbu. Lilipotandazwa Washington Oktoba mwaka huo lilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, ukubwa unaokaribia wa kaburi. Washonaji wengi hawakujuana. Kilichoruhusu kazi zao zikae ubavu kwa ubavu ni kipimo kimoja.

Watu, na kazi tatu ambazo si za kuchora

Wapigie simu mmoja mmoja. Tangazo likitupwa kwenye kundi la WhatsApp kila mtu huweka kidole gumba na hakuna anayeanza. Ukimpigia mtu na kumwambia, "D2 ni yako, usipoileta pale patakuwa na tundu," umempa nafasi ambayo hakuna mwingine wa kuijaza. Kwa maoni yangu hapo ndipo sanaa ya namna hii inapofaulu au kufa, kabla hata kalamu haijagusa karatasi.

Mnahitaji karani wa kushika jedwali: mraba gani ni wa nani, umefika au bado. Mnahitaji mpiga simu, mtu mwenye subira na sauti ya kupendwa na wazee. Na mnahitaji mshonaji, atakayeunganisha picha. Mtu mmoja akizibeba zote tatu, wiki ya pili atakuwa hoi.

Jambo moja la faragha. Ndani ya kundi la WhatsApp kila mwanachama anaona namba za wenzake. Kwa familia si neno. Kwa majirani, wanafunzi au wagonjwa waliotengwa, tumia orodha ya matangazo, ambapo kila mtu anapokea ujumbe peke yake na anakujibu wewe tu. Nyuso za watoto na karatasi za hospitali zisiingie kwenye miraba bila ruhusa ya wenyewe.

Maagizo

Maagizo yawe mafupi kiasi cha kusomwa kwa sauti kwenye simu bila mtu kuuliza "umesemaje?" Haya ndiyo niliyomtumia mama mkubwa:

"Shikamoo Mama Mkubwa. Tunashona kanga moja, nyumba 24, kila mtu akiwa kwake. Nyumba yako ina miraba miwili: A3 ya pindo na D2 ya mji. Kila mraba ni sentimita 20 kwa 20. Pindo: chora korosho tatu, vichwa vielekee nje, kwa nyeusi na nyekundu tu. Mji: chora kitu kimoja unachokiona kutoka mlangoni au dirishani kwako, ambacho zamani hukuwa unakitazama. Nyuma ya karatasi andika herufi na namba ya mraba. Nitakupigia Jumatano baada ya Alasiri nijue umefika wapi."

Angalia sharti la mji. Mara ya kwanza nilitaka kuandika "chora unavyojisikia." Nashukuru sikuandika. Mtu aliyefungiwa ndani, ana hofu, mshahara umesimama, ukimwambia achore anavyojisikia unamwongezea mzigo. Mwambie atazame. Mtoto wa miaka sita anaweza kutazama, na bibi wa miaka themanini anaweza. Hisia zitakuja zenyewe, tena kwa njia ambayo hukuipanga: tulipata kufuli la duka, kamba ya nguo yenye barakoa nne, paka wa jirani, na kutoka Muscat kiyoyozi cha jengo la mbele kilichochorwa kwa uangalifu kama sura ya mtu.

Kama kuna msanii wa kazi kwenye kundi, mpe pembe za pindo: A1, H1, A6 na H6. Pembe ndizo ngumu, korosho zinapogeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukimweka katikati ya mji, wenzake watatazama kazi yake na kuficha zao.

Rangi zilizopo nyumbani

Tulichagua rangi za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa sababu mbili. Zinavumilia tofauti, nyekundu ya biro na nyekundu ya chaki bado zinasomeka kama nyekundu. Na zinapatikana bila kutoka nje wakati wa kafyu. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Nyeusi ni mkaa uliosagwa ukachanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ushike. Nyekundu ni kalamu, na asiye nayo atumie hina: inaelekea udongo zaidi kuliko damu, lakini inakaa vizuri. Rozela iliyochemshwa hupendeza siku ya kwanza kisha hufifia, kwa hiyo pigeni picha mapema.

Kuchora kwa sikio

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ilitokana na tatizo. Nyumba tano kati ya 24 hazikuwa na simu janja. Bibi yetu ana simu ya kitochi, mulika mwizi kama wengine waiitavyo, na macho yake hayaoni vizuri. Wazo la kwanza lilikuwa kumwachia mjukuu aliyeishi naye amchoree. Lakini hapo bibi angekuwa mtazamaji.

Badala yake tulimpa mchoraji wa mbali. Bibi anasimulia kwa simu, mwingine anachora. Wasanii walishajaribu jambo la jinsi hii: mwaka 1969 jumba la sanaa za kisasa la Chicago lilifanya maonyesho ambayo wasanii walipiga simu kueleza kazi zao, na watu wa jumba wakazitengeneza kwa kufuata maneno. Kwetu msanii alikuwa bibi, na aliyepokea maagizo alikuwa mjukuu wake wa Nairobi.

"Chora mnazi," akasema bibi.

"Umesimama vipi, Bibi?"

"Umeinama."

"Umeinamia wapi?"

"Kwa mjomba wako."

Mjukuu ilimbidi afumbe macho akumbuke ua, kisima kiko wapi, nyumba ya mjomba iko upande gani ukisimama mlangoni. Alikuwa hajafika kule miaka mitatu. Simu iliyopangwa ya dakika kumi ilichukua dakika hamsini, na mnazi uliotoka unaelekea kushoto kama ule wenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Mchoraji asiseme "nimeelewa" upesi. Aulize kwa mpangilio: kitu kikubwa kiko wapi kwenye karatasi, kinaelekea wapi, nini kimekigusa, kivuli kinaangukia upande gani, kisha vitu vidogo. Kila baada ya hatua amsomee msimulizi alichochora, bila kupamba. Msimulizi akisema "siyo," kifutwe, hata kama kimependeza. Na gharama ya simu abebe mchoraji, asiachiwe mzee kupiga. Tulifurahi sana na njia hii hata nyumba zenye simu janja zikaomba kubadilishana: wewe nisimulie chako, mimi nikusimulie changu. Kama una nguvu ya kuendesha jambo moja tu katika mwongozo huu, endesha hili.

Jina

Kila nyumba ilituma mstari mmoja kwa ujumbe wa sauti, ndani ya siku mbili. Sharti: usiwe msemo uliokwisha kuchapwa kwenye kanga unayoijua, na usizidi maneno sita. Hatukupiga kura. Katika ukoo kura huacha vijembe vya miaka. Karani alichagua mitatu, akampigia mkubwa wa ukoo, akamsomea kila mmoja mara mbili, na yeye akaamua: TUMEFUNGA MILANGO HATUJAFUNGA NYOYO. Mizani saba kwa saba, na aliusifu kwa hilo kwanza.

Kisha ukagawanywa: B5 TUMEFUNGA, C5 MILANGO, D5 ua la kutenga pande mbili, E5 HATUJA, F5 FUNGA, G5 NYOYO. Kila neno likaandikwa na nyumba tofauti, kwa herufi kubwa, bila kuona mwandiko wa wenzake. Usijaribu kuilinganisha miandiko hiyo. Herufi zilizonyooka za mwalimu mstaafu zikikaa karibu na N iliyogeuzwa na mtoto, msomaji anajua papo hapo kwamba kanga hii ina wenyewe wengi.

Kupiga picha na kutuma

Picha mbaya ndizo zilizotuchelewesha, si michoro. Futa lenzi kwa ncha ya kanga. Weka mraba sakafuni karibu na mlango asubuhi, penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Zima mweko. Simama juu yake, simu iwe sambamba na sakafu, na uache ukingo wa upana wa vidole viwili kila upande ili mshonaji apate pa kukata. Kivuli cha kichwa chako kikiingia, zunguka upande wa pili.

Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na mistari myembamba ya mkaa hupotea. Kama bando halitoshi kutuma hati, tuma ya kawaida na uitunze karatasi. Utaipiga tena siku ukipata intaneti ya bure au ya jirani.

Kuunganisha

Mshonaji akate kila picha iwe mraba wa pikseli 1,000 kwa 1,000. Kanga nzima itakuwa 8,000 kwa 6,000, na ikichapwa kwa sentimita 160 itasomeka vizuri hata ukisogea karibu. Simu nyingi huelemewa na faili la ukubwa huo. Basi tumia pikseli 500 kwa kila mraba, upate 4,000 kwa 3,000: inatosha kwa skrini, na kwa bango la kutazamwa kutoka hatua mbili tatu.

Unganisha safu mlalo moja moja, miraba minane kwa pamoja, uhifadhi faili sita. Kisha zipange hizo sita juu chini. Ukikosea, unarekebisha safu moja badala ya kuanza upya. Usisahihishe rangi kwa nguvu. Mwanga wa Toronto mwezi wa nne hauwi kama wa Unguja wakati wa masika, na tofauti hiyo ni sehemu ya habari. Na usiache mraba wa mtu kwa sababu haukupendeza, wala usiuchore upya kwa siri. Mwenyewe ataujua kutoka mbali.

Kuifunua

Usioneshe yote kwa mara moja. Siku sita za mwisho tulituma picha kila jioni: siku nne kwa pindo, upande mmoja mmoja, siku ya tano mji, siku ya sita jina. Watu walianza kupigiana bila kushurutishwa, wakibishana kijiko kile ni cha nani.

Siku ya jina tulikutana kwa simu ya video, na nusura tuharibu kwa saa. Saa 2 usiku ya Afrika Mashariki ni saa 3 usiku Muscat, saa 12 jioni London wakati wa kiangazi chao, na saa 7 mchana Toronto. Lakini vijana waliokulia ughaibuni wakisoma "saa 2 usiku" huelewa saa nane za usiku. Andika kwa namna zote mbili: saa 2 usiku, yaani 20:00, na kwa kila mji peke yake.

Mraba ukibaki bila mwenyewe

Katika janga, hili litatokea, na ulipange kabla. Wiki ya pili nyumba moja ilifiwa. Hatukuuliza mraba tena. Mpiga simu aliendelea kupiga, ila kwa taazia tu, na karani akaandika kwenye jedwali "E4: imekamilika." Hatukuchora kitu hapo, wala hatukumpa mtu mwingine. Nyeupe ni rangi ya kisutu pia. Kama wafiwa watataka kuchora baadaye, nafasi iko. Wakitaka ibaki hivyo, ibaki.

Kutoka karatasi hadi kitambaa

Si lazima, lakini ukoo wetu haukuridhika na faili. Njia zilipofunguliwa Julai 2020 tulinunua kitambaa cha marekani, ile pamba ya kawaida isiyotiwa rangi, tukakata miraba ya sentimita 22 ili sentimita moja kila upande iliwe na mshono na ibaki 20. Kila nyumba ikapelekewa yake kwa kifurushi cha basi, ikanakili mchoro wake kwa rangi ya kitambaa au kwa uzi, ikarudisha. Walio nje walituma kwa posta. Korona huenea hasa kwa hewa ya pumzi, kwa hiyo kuosha kitambaa kwa sabuni na kukianika juani kulitutosha. Kwa Ebola usifanye hivi: virusi vyake hupita kwa majimaji ya mwili na vitu vilivyochafuka nayo, kwa hiyo baki na picha na sauti mpaka mlipuko utangazwe umekwisha.

Shona safu mlalo kwanza kama ulivyofanya kwenye simu, kisha ziunge, kisha pinda ukingo wote. Kanga hukaa mwezi mmoja kila nyumba, na karani ndiye anayejua iko kwa nani. E4 tuliikata kutoka gora lileile la marekani, tukaizungushia uzi uleule mwekundu kama mingine.